Gitaa kavu, kaseti moja na chumba cha New Jersey

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kericho, na jioni hupiga gitaa kavu. Nyumbani tumekulia kwenye muziki wa kantri; marehemu baba alikuwa na sanduku zima la kaseti. Juzi rafiki yangu alinipa albamu ya mwanamuziki wa Marekani, Bruce Springsteen, iitwayo Nebraska. Ni sauti, gitaa na hamonika basi, na inasikika kama mtu aliyejifungia chumbani usiku. Wenzangu wanasema ni rekodi mbovu, lakini mimi kila nikiisikiliza mwili unanisisimka. Nina nyimbo kumi na mbili nilizotunga mwenyewe kwa Kiswahili, za mtindo huo huo. Kinachonigusa ni nini hasa? Na je, nikope pesa niende studio kubwa Nairobi, au nirekodi hapa nyumbani?

JIBU: Usikope, mwalimu. Nimelitanguliza hilo ili uyasome yaliyobaki ukiwa umetulia, maana umeuliza mambo mawili na la kwanza ndilo zito.

Wenzako wakisema ile ni rekodi mbovu, kwa vipimo vya mitambo hawajakosea. Nimekaa nyuma ya mitambo zaidi ya miaka ishirini hapa Tanga, na mtu akiniletea kazi yenye uvumi wa kaseti kiasi kile, yaani ile sauti ya "shhh" ya mkanda, lazima nimuulize kulikoni. Hata hivyo albamu ile nimeisikiliza mara zisizo na idadi, na mwili wangu husisimka kama wako. Basi tuanze na jinsi ilivyotengenezwa, kwa sababu jibu limo humo.

Mwanzoni mwa 1982 Springsteen alikuwa amepanga nyumba Colts Neck, jimbo la New Jersey. Jina alikuwa nalo, bendi alikuwa nayo, E Street Band, na hakuna studio ambayo angeshindwa kuilipa. Alichochoka nacho ni kuingia studio na nyimbo mbichi, kisha kuziivishia humo humo huku saa za kukodi zinakwenda. Akamtuma fundi wake wa magitaa, Mike Batlan, amtafutie kinasa sauti kidogo cha nyumbani. Batlan akarudi na TEAC 144. Ni mashine inayotumia kaseti ya kawaida, kama zile za marehemu baba yako, ila inaigawa njia nne, kila njia ikinasa sauti yake, na kuizungusha kwa kasi mara mbili ya ile ya redio kaseti. Wakafunga maikrofoni mbili aina ya Shure SM57, hizi hizi unazozikuta mbele ya spika za magitaa kwenye kumbi za dansi. Nyimbo nyingi za albamu ile ziliimbwa siku moja, tarehe 3 Januari.

Tazama alivyozitumia njia zile nne. Kwenye mbili za kwanza aliimba na kupiga gitaa kwa mkupuo mmoja. Kwenye mbili zilizobaki akatia kiungo kidogo tu: sauti ya pili hapa, gitaa la pili pale. Kisha akazichanganya zote, akazipitisha kwenye kifaa cha mwangwi kiitwacho Echoplex, na mchanganyiko ukanaswa kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyowahi kuingia maji. Kaseti iliyotoka humo aliitembeza mfukoni wiki kadhaa, haina hata kasha.

Hakuikusudia iuzwe. Ilikuwa ya kuwafundishia wenzake nyimbo. Bendi ikaingia studio New York, ikazipiga, na kila walivyozidi kuzinyoosha ndivyo zilivyozidi kumponyoka mwenye nyimbo. Si kwamba bendi haikujua kazi. Wimbo uliokuja kumtangaza dunia nzima mwaka 1984, Born in the U.S.A., ulikuwemo kwenye kaseti ile ile, na huo bendi iliuweza vizuri sana. Nyingi kati ya zile nyingine zilikataa. Mwishowe wakaamua kuitoa kaseti yenyewe. Mafundi wakahangaika kuihamishia kwenye santuri, studio hii hadi ile, kwa sababu sindano ya kukatia santuri haikutaka kuupokea mkanda dhaifu namna ile, mpaka wakapata kiwango cha chini kilichokubalika. Albamu ikatoka tarehe 30 Septemba 1982, nyimbo kumi. Mwaka 2025 zile rekodi za bendi nazo zilitolewa, kwa hiyo leo unaweza kukaa na zote mbili ukalinganisha kwa masikio yako.

Je, ni ule uvumi wa kaseti unaokugusa? Watu wengi wanafikiri hivyo, na zipo programu za kompyuta zinazouzwa kwa kazi hiyo tu, kuitia rekodi safi uvumi na mtetemo wa kaseti. Usizinunue. Uvumi peke yake haumgusi mtu.

Sikiliza wimbo wa kwanza, ule ulioipa albamu jina. Springsteen anaimba kama yeye ndiye Charles Starkweather, kijana aliyeua watu kumi na mmoja huko Nebraska na Wyoming kati ya 1957 na 1958. Anaimba kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayekusimulia mkiwa wawili mezani. Hapaniki, halii, hajitetei. Sauti ya chini namna ile haiwezekani mbele ya ngoma. Ukiweka dramu na gitaa la umeme nyuma ya mtu, atapandisha sauti hata kama hataki, na muuaji anayepaza sauti ni mtu mwingine kabisa, si yule aliyetungwa. Naamini hapo ndipo bendi iliposhindwa. Chumba kisicho na bendi kilimruhusu aimbe kwa sauti ya chini, na maikrofoni iliyo karibu ikakileta kinywa chake sikioni kwako.

La pili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: mkono na mdomo ni vya mtu mmoja, vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Anayeimba huku akipiga, mkono wake unafuata pumzi. Pumzi ikikaribia kwisha, gitaa linapunguza. Neno likiwa zito, kidole kinachelewa kidogo kabla ya kugusa uzi. Hakuna anayepanga hivyo. Mwili ndivyo ulivyo. Sasa nenda studio nyingi za leo. Utavishwa hedifoni, utapigiwa metronomu, kile kidude cha kuhesabu mapigo, utapiga gitaa peke yake leo, kesho utarudi kuimba juu yake, keshokutwa fundi atakata mistari mizuri kutoka kwenye majaribio kumi na kuiunga. Kila kitu kitakaa sawa. Ila yule mtu mmoja atakuwa amegawanywa watu wawili ambao hawakuwahi kuonana.

Nilijifunza hili kwa machungu. Miaka mingi iliyopita tulimleta studio mzee mmoja mpiga galatoni, ambalo ndilo jina tuliloliitia gitaa kavu enzi hizo. Alikuwa anapiga nyimbo za miaka ya 1950 kwa vidole viwili, na ana tabia ya kupiga mguu sakafuni, mguu mtupu, kisigino kwanza halafu vidole. Mguu ule ulikuwa unaingia kwenye maikrofoni. Tukamtandikia zulia. Bado unasikika. Tukamwekea na mto. Hapo mzee akaanza kupotea: anaanza wimbo, anasimama, anaanza tena, mwisho akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mmenikata mguu." Nilimsikia, lakini wakati ule sikuelewa. Kazi ile ilitoka safi na haina uhai, na haikusikilizwa na mtu. Mwaka uliofuata nilikwenda kwake nikamrekodi barazani, ameketi kwenye kigoda, chini tumemwekea ubao wa mvule ili mguu usikike vizuri zaidi. Alipiga nyimbo saba bila kurudia hata moja. Ule mguu ndio uliokuwa ngoma yake.

Unasema umekulia kwenye kantri, na inaonekana unaona haya kidogo, kama vile ni muziki wa kuazima. Kwa mtu wa Kericho hilo si kweli, na nitakueleza kwa nini.

Mwaka 1927, kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, mtu wa kampuni ya santuri ya Victor aitwaye Ralph Peer alifunga mitambo yake Bristol, mji ulio mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia. Maikrofoni ya umeme ilikuwa bado ngeni kazini. Miaka michache kabla watu walikuwa wakiimba mbele ya tarumbeta la bati. Maikrofoni ile ilimwezesha mtu kuimba kwa sauti yake ya kawaida. Ndani ya siku chache Peer akawanasa watu wa familia ya Carter na Jimmie Rodgers, wanaohesabiwa kuwa waanzilishi wa kantri. Maybelle Carter, aliyekuwa na miaka 18 wakati huo, alikuwa anapiga melodi kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene huku vidole vingine vikikwangua nyuzi nyembamba, gitaa moja likifanya kazi ya mawili. Rodgers yeye alikuja na gitaa lake, huzuni yake ya reli na ile sauti ya kuvunjika anayoirusha juu. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, ana miaka 35.

Lakini santuri zake zilisafiri, na zikafika huko kwenu pamoja na gramafoni za wageni. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa muziki, alifika Kapkatet. Wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia, kinubi cha kwao kikiwasindikiza, wimbo wa kumsifu mtu aitwaye Chemirocha, ambaye kwa maelezo ya Tracey walimwona kama kiumbe nusu mtu nusu paa. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina lake likiwa limepita kwenye ulimi wa Kikipsigis. Hawakujua Kiingereza chake, hawakujua reli zake za Mississippi. Walichokisikia kwenye sanduku lile ni mtu mmoja na nyuzi zake, na wao watu wa namna hiyo walikuwa nao tangu zamani. Rekodi ile ipo. Nakala zake zilikwisha rudishwa kwa Wakipsigis na ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 na ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Itafute. Ni dakika chache tu, na utaisikia lugha uliyoizoea.

Tracey huyo huyo, mwaka 1952, alikutana na kijana aitwaye Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, mji wa Katanga unaoitwa Likasi siku hizi. Mwenda alipiga gitaa kavu kwa gumba na kidole cha shahada. Gumba linashika besi na halitetereki. Kidole cha shahada kinatembeza melodi juu yake, na mara nyingine viwili hivyo vinapishana kiasi kwamba unatafuta mpigaji wa pili alikojificha. Aliimba Kiswahili cha Katanga. Santuri zake zilienea Afrika Mashariki yote, na mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport huko Marekani, tamasha maarufu la muziki wa foki, yaani nyimbo za jadi na za gitaa kavu. Kwa hiyo ukiulizwa umepata wapi kuimba hadithi kwa Kiswahili na gitaa moja, taja Likasi. Na nakuomba usiiige pua ya Kimarekani unapoimba. Rodgers alitaja vituo vya treni alivyovijua. Wewe una Kapsoit, una Litein, una lori la majani ya chai linalokwama kwenye tope la Aprili.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Chumba kwanza. Usirekodi chini ya bati tupu, na usirekodi sebuleni kama sakafu ni ya saruji na kuta ni tupu. Sauti itarukaruka kama kwenye bafu. Chumba cha kulala kinafaa, chenye godoro, nguo zimetundikwa, blanketi zito nyuma yako na jingine ukutani mbele yako. Blanketi, si khanga. Khanga ni nyepesi mno. Zima friji kabisa, maana usipousikia muungurumo wake sasa utausikia baadaye. Huko kwenu mvua hupenda kuanguka alasiri, kwa hiyo rekodi alfajiri au usiku. Alfajiri ina faida nyingine: sauti ya mtu aliyeamka muda si mrefu ina uzito ambao haupatikani jioni baada ya kuwafokea watoto darasani siku nzima.

Maikrofoni: moja nzuri inatosha. Badala ya mkopo, tafuta maikrofoni ya kondensa ya bei ya kati na kile kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, au azima kwa mtu. Usiielekeze kwenye tundu la gitaa. Kila anayeanza hufanya hivyo, kwa kudhani sauti hutokea hapo, na anachopata ni besi inayovuma kama pipa. Sauti tamu ya gitaa iko pale shingo inapokutana na tumbo lake. Kwa kuwa unaimba na kupiga pamoja, isimamishe mbele yako usawa wa kifua, umbali wa kama nusu mita, halafu isogeze kwa masikio: sauti ikizidiwa na gitaa, pandisha maikrofoni kidogo, gitaa likizidiwa, ishushe. Vidole viwili tu vya mwendo vinabadilisha kila kitu. Tumia saa nzima hapo. Saa hiyo ina thamani kuliko programu zote utakazoshauriwa kununua.

Ukiwa na maikrofoni mbili, moja ya mdomo na moja ya gitaa, sauti itaingia kwenye ya gitaa na gitaa litaingia kwenye ya mdomo. Usiogope. Mwimbaji wa Marekani Gillian Welch na mwenzake David Rawlings walitengeneza albamu ya Time (The Revelator), iliyotoka 2001, karibu yote ndani ya Studio B ya RCA mjini Nashville: watu wawili, magitaa yao, wanapiga na kuimba kwa pamoja. Wimbo wa mwisho una zaidi ya dakika kumi na nne, na unaposikiliza hutamani uishe. Sauti zikichanganyika hivyo huwezi kurekebisha noti moja ya mdomo bila kuigusa ya gitaa. Ndiyo faida yake. Utalazimika kuchagua wimbo mzima au kuuacha mzima.

Nyuzi mpya zina mlio mkali wa chuma. Zifunge siku tatu kabla na uzipige kila jioni zitulie. Kabla ya kila wimbo tuni upya, hata kama unaona haijashuka. Kwenye kompyuta acha nafasi: sauti yako ya juu kabisa ifike kama desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo, biti 24, faili la WAV. Usitumie metronomu. Kama wimbo unakimbia kwenye kiitikio, huenda ndivyo unavyotaka kukimbia. Kama unakimbia kwa sababu ya hofu, utajua ukisikiliza kesho yake.

Kila wimbo uimbe mara tatu tu, uache, uende ukanywe chai. Nimeona mara nyingi mno jaribio la saba likiwa safi kuliko la pili na halina mtu ndani. Unapochagua, usisikilize ukiwa umekaa mbele ya kompyuta unakodolea mistari ya sauti. Mpe mtu akuchezee ukiwa jikoni, unafanya jambo jingine. Jaribio litakalokufanya uache ulichoshika, hilo ndilo.

Yapo makosa ya kuacha na ya kufuta. Umesahau ubeti, futa. Uzi umekatika, futa. Kiti kimelia, umevuta pumzi kwa nguvu, kidole kimeteleza kwenye uzi ukasikika mkwaruzo, mbwa wa jirani kabweka mbali wakati unaimba juu ya usiku: acha. Mwimbaji wa kantri Johnny Cash alipotengeneza albamu ya American Recordings, iliyotoka 1994, alikuwa na miaka zaidi ya sitini, akarekodi nyimbo nyingi sebuleni kwa prodyuza wake Rick Rubin na nyingine kwenye kibanda chake cha magogo Tennessee, gitaa na sauti tu. Sauti ile imechoka, ina mikwaruzo, na hakuna aliyejaribu kuificha. Albamu ilipata tuzo ya Grammy katika fungu la muziki wa foki.

Pesa kidogo uliyonayo itumie mwishoni. Nyimbo zikishakamilika, mpelekee fundi mmoja mwenye masikio aziweke kwenye viwango vya sauti vinavyolingana, na mwambie waziwazi asizibane. Fundi wengi wamezoea kuupandisha kila wimbo mpaka ukutani ili upige kelele sawa na midundo ya redioni. Ukibanwa hivyo, ile sauti ya chini uliyoimba alfajiri italingana na kiitikio chako, na kila ulichokipigania chumbani kitakuwa kimefutwa kwa dakika mbili.

Anza na nyimbo tatu kati ya zile kumi na mbili. Usianze na ile unayoiona bora. Anza na ile fupi, ambayo vidole vinaijua bila kufikiri, ili siku ya kwanza uhangaike na maikrofoni tu. Ile bora iache mpaka asubuhi ya tatu, ukishazoea kiti.